Faili la mizani halipungui, na risiti zinachanganyika

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Niliandika programu ya Python ya kupimia dagaa kwenye ghala moja hapa Mwaloni, Kirumba. Inatumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, kwenye kompyuta ndogo ya Ubuntu. Mizani inatuma vipimo kumi kwa sekunde, saa kumi kwa siku, nami nahifadhi kila kipimo na ku-commit (kukithibitisha kwenye hifadhidata) hapo hapo. Kuna nyuzi (threads, kazi zinazoenda sambamba ndani ya programu moja) tatu: wa mizani, wa risiti na wa kutuma data ofisini kwa bosi kila dakika tano. Zote zinatumia muunganisho mmoja; Python ilikataa mwanzoni, nikaweka check_same_thread=False. Baada ya miezi mitatu faili limefika GB 2.3. Nimefuta miezi miwili ya mwanzo, bado ni GB 2.3 ile ile. Pembeni kuna faili linaloishia na -wal: asubuhi ni dogo, ikikaribia saa sita mchana lina MB 800. Mhasibu anafungua skrini ya ripoti, ambayo ni programu ya pili, saa tatu asubuhi na kuiacha wazi; inavuta rekodi 50 kwa fetchmany, nyingine zinakuja akishusha. Jioni akibonyeza 'Funga siku' anapata 'database is locked' papo hapo, ingawa nimeweka timeout=30. Mara mbili risiti imetoka na uzito wa gunia la mteja mwingine. Kila saa programu inanakili faili kwenye flashi kwa shutil.copy. Diski imebakiza GB 3. Sasa bosi anataka mhasibu alifungue faili akiwa chumba cha pili, kupitia folda ya mtandao. Je, nihamie PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa kama seva?"

Nianze na jambo ambalo wewe umelitaja tu kwa kupita, kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote: zima hiyo shutil.copy leo, kabla hujagusa kitu kingine. Sababu nitaieleza mbele, ila usisubiri kufika huko.

Hofu yako ni kwamba SQLite imezidiwa na kazi ya ghala. Haijazidiwa. Ukomo wa faili la SQLite ni kama TB 281, na vipimo kumi kwa sekunde ni kazi nyepesi kwake. Ulichonacho ni mambo mawili yaliyojificha kwenye programu zako, na karibu kila dalili uliyoitaja inatoka kwenye moja kati ya hayo: skrini ya ripoti yenye SELECT (amri ya kusoma data) ambayo haijamalizwa, na nyuzi tatu zinazochangia muunganisho mmoja. Faili kukataa kupungua ni jambo la tatu, na kwa kweli ndilo dogo zaidi.

Tulimalize hilo dogo. SQLite hugawa faili katika kurasa, na tangu toleo la 3.12.0 la mwaka 2016 ukurasa wa kawaida ni baiti 4,096. Ukifuta rekodi, kurasa zilizobaki tupu hazirudishwi kwa Ubuntu. Zinaandikwa kwenye orodha ya kurasa huru zisubiri data mpya. Ni kama daftari la deni la dukani: ukikata majina ya waliolipa, daftari halipungui unene. Fungua faili kwa amri ya sqlite3 uulize mwenyewe:

PRAGMA page_count;
PRAGMA freelist_count;

Kwa GB 2.3 utakuta kurasa kama 561,000, na kama miezi mitatu ililingana kwa kazi, zaidi ya 370,000 kati yake ni huru. Hiyo ni GB 1.5 ya nafasi ambayo SQLite itaitumia kabla ya kuomba baiti moja zaidi kwenye diski. Kwa maneno mengine, faili lako lilishaacha kukua siku ulipofuta. Usingelikandamiza, lingebaki GB 2.3 kwa karibu miezi miwili hata kwa mwendo huu wa sasa.

Mwendo wenyewe ndio wa kuuliza. Vipimo kumi kwa sekunde kwa saa kumi ni rekodi 360,000 kwa siku. Saa ukiihifadhi kama maandishi ya herufi 19, uzito kama REAL ya baiti 8, na jina la mizani kwa herufi, kisha ukaongeza indeksi ya saa ambayo hunakili zile herufi 19 mara ya pili, kila kipimo hula baiti 80 hivi. Hiyo ni MB 29 kwa siku, na ndiyo inayokuletea GB 2.3 kwa miezi mitatu. Sasa jiulize ni vipimo vingapi kati ya hivyo 360,000 ni vya gunia lililotulia. Mizani nyingi za kielektroniki hutuma alama pamoja na uzito, aghalabu ST kwa uzito uliotulia na US kwa unaoyumba. Hifadhi kipimo kimoja tu cha kila gunia: subiri ST, kihifadhi, kisha usikubali kingine mpaka mizani irudi karibu na sifuri. Ghala linalopima magunia 900 kwa siku litaandika rekodi 900.

Na ukishafika hapo, hifadhi uzito kwa gramu kama namba kamili, na saa kama sekunde za Unix. SQLite hutumia baiti kadiri ya ukubwa wa namba: gramu hadi 32,767 hukaa kwenye baiti 2, gunia la kilo 50 hukaa kwenye 3, na saa ya sasa kwenye 4 badala ya 19. Gramu zinakuondolea pia zile senti za ajabu zinazotokea unapojumlisha namba za desimali.

Turudi kwenye MB 800, maana hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Uko kwenye hali ya WAL (write-ahead log). Kila ukiandika, kurasa zilizobadilika huongezwa mwishoni mwa faili la -wal, na faili kuu haliguswi. WAL ikifika kurasa 1,000, yaani kama MB 4, SQLite huzihamishia kurasa hizo kwenye faili kuu, kisha huanza kuandika WAL upya kutoka mwanzo. Lakini kuna sharti. Anayesoma amekamata picha ya hifadhidata jinsi ilivyokuwa alipoanza kusoma, na picha hiyo haiwezi kuharibiwa mikononi mwake. Mabadiliko yaliyokuja baada yake hayahamishwi kwenye faili kuu, na WAL haianzi upya, hadi aachie.

Skrini ya ripoti inasoma rekodi 50 kwa fetchmany na kuacha kasa (cursor, kishikizo cha kusomea matokeo ya SELECT) wazi ikisubiri mhasibu ashushe. Kwa SQLite, huyo ni msomaji ambaye hajamaliza. Hesabu inathibitisha: kila commit yako inagusa walau kurasa mbili, wa jedwali na wa indeksi, na kila ukurasa kwenye WAL una baiti 4,096 na kichwa cha baiti 24. Hiyo ni baiti 8,240 kwa kila kipimo, hata kama kipimo chenyewe ni baiti 80. MB 800 ukiigawa kwa hiyo unapata vipimo 97,000, ambavyo kwa kumi kwa sekunde ni saa mbili na dakika arobaini na kidogo. Saa tatu asubuhi mpaka karibu saa sita mchana.

Kasa huyo huyo ndiye anayekupa "database is locked". Wengi hudhani timeout haifanyi kazi; inafanya, ila si kwa kosa hili. Timeout husubiri mwandishi mwingine amalize. Mhasibu akibonyeza "Funga siku", programu inajaribu kuandika kupitia muunganisho ambao bado umeshika picha ya saa tatu asubuhi. SQLite haiwezi kumruhusu aandike juu ya picha iliyopitwa na wakati, na kusubiri hata mwaka hakutaifanya picha hiyo iwe mpya, kwa hiyo inakataa papo hapo. Kosa hili lina jina lake, SQLITE_BUSY_SNAPSHOT, namba 517. Ukiwa na Python 3.11 au zaidi, chapisha sqlite_errorname ya kosa ulilolikamata utaliona. Matoleo ya nyuma yanakuonyesha ujumbe ule ule wa jumla.

Dawa ni kwenye skrini ya ripoti, wala usihangaike na mizani. Soma ukurasa mzima kwa LIMIT 50 na fetchall, kasa afungwe. Mhasibu akishusha, uliza upya kwa WHERE id < ya mwisho aliyoiona ORDER BY id DESC LIMIT 50. Usitumie OFFSET, ikifika maelfu inapitia rekodi zote za juu ndipo ikupe zako. Kwenye "Funga siku", anza na BEGIN IMMEDIATE kabla ya SELECT ya kwanza, jumlisha, andika, COMMIT. IMMEDIATE inaomba nafasi ya kuandika mwanzoni kabisa, na hapo timeout yako inafanya kazi iliyokusudiwa. Angalia tu kwamba BEGIN IMMEDIATE haisaidii kama kwenye muunganisho huo bado kuna kasa wazi. Utapata 517 ile ile.

Sasa shutil.copy. Nimesema yaliyokuja baada ya msomaji hayahamishwi kwenye faili kuu. Unaponakili faili kuu peke yake saa sita mchana, nakala iliyoko kwenye flashi haina gunia hata moja lililopimwa tangu mhasibu afungue skrini yake. Na hiyo ni afadhali. Ikitokea unanakili wakati kurasa zinahamishwa, nakala inaweza kuwa imeharibika kabisa na usijue hadi siku unayoihitaji.

Kuna baya zaidi, na hili liko Linux, ambayo Ubuntu yako ni aina yake. Kufuli za faili katika Linux ni za mchakato mzima. Uzi wowote ndani ya programu ukilifungua faili la hifadhidata nje ya SQLite, kama shutil.copy inavyofanya, kisha ukalifunga, kufuli zote ambazo programu yako ilishikilia juu ya faili hilo zinaondoka kimya kimya. SQLite bado inadhani inazo. Mhasibu akifunga programu ya ripoti wakati huo, programu hiyo inaweza kujiona ndiyo ya mwisho kutumia faili na kuifuta WAL ambayo mizani bado inaiandikia. Ndiyo maana nilikuambia uizime leo.

Badala yake tumia VACUUM INTO, iliyoko tangu toleo la 3.27.0 la mwaka 2019:

VACUUM INTO '/media/flashi/mizani-saa06.db';

Inatoa nakala kamili, iliyo sahihi kwa wakati mmoja, na iliyokandamizwa, huku mizani ikiendelea kuandika. Lipe faili jina jipya kila mara, maana inakataa kuandika juu ya faili lenye kitu. Flashi nyingi za madukani zimeumbizwa kwa FAT32, isiyopokea faili la kufika GB 4. Kwa sasa uko salama. Itoe kwa utaratibu kabla ya kuichomoa.

Kuhusu risiti, hapa ndipo pesa za watu zilipo. Python ilipokukataza kuchangia muunganisho kati ya nyuzi haikuwa inakusumbua bure. SQLite nyingi hujengwa katika hali ya kupanga zamu, ambapo nyuzi mbili zikiingia pamoja moja husubiri. Hiyo inalinda kumbukumbu isiharibike. Hailindi maana ya kazi yako, kwa sababu muamala (transaction, kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kughairiwa yote) ni mali ya muunganisho, si mali ya uzi. Uzi wa kutuma ukifanya commit, unakamilisha pia risiti iliyoandikwa nusu na uzi mwingine. Mtandao ukikatika na uzi wa kutuma ukafanya rollback, yaani kughairi muamala, unaweza kufuta gunia ambalo uzi wa mizani ulikuwa ndio kwanza umeliandika. Na last_insert_rowid() hujibu rekodi ya mwisho ya muunganisho, yeyote aliyeiandika. Uzi wa risiti ukiuliza namba, na katikati mizani ikaingiza kipimo, risiti inabeba gunia la mtu mwingine. Kwa vipimo kumi kwa sekunde, ajabu ni kwamba umeona mara mbili tu. Huenda ziko nyingine ambazo hakuna aliyelalamika.

Unaweza kuzungushia kila muamala threading.Lock, na itafanya kazi mpaka siku utakapoongeza kipande kipya na kusahau. Unaweza pia kuupa kila uzi muunganisho wake. Hiyo ni njia halali kabisa, na uzi wa kutuma ningeupa wake wa kusomea. Ila kwa kuandika, ushauri wangu ni uzi mmoja tu wenye ruhusa ya kuandika, na wengine wapeleke kazi zao kwenye foleni:

foleni = queue.Queue()

def mwandishi():
    con = sqlite3.connect("mizani.db", timeout=10, isolation_level=None)
    con.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")
    con.execute("PRAGMA synchronous=FULL")
    while True:
        kazi, jibu = foleni.get()
        try:
            con.execute("BEGIN IMMEDIATE")
            matokeo = kazi(con)
            con.execute("COMMIT")
        except Exception as kosa:
            if con.in_transaction:
                con.execute("ROLLBACK")
            matokeo = kosa
        jibu.put(matokeo)

Muunganisho unafunguliwa ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo check_same_thread irudi kuwa True. Ikilalamika tena utajua umevunja utaratibu. Kila jibu ni foleni ndogo ya anayeuliza, naye lazima aangalie kama alichopewa ni kosa kabla ya kuchapisha risiti. Gunia na risiti yake viandikwe ndani ya kazi moja, na namba uipate kwa INSERT ... RETURNING id (toleo la 3.35.0 la mwaka 2021 na kuendelea), usiiulize baadaye. Uzi wa kutuma usome rekodi zake kwa fetchall, uachie, ndipo uanze kuongea na seva. Usisubiri mtandao ukiwa ndani ya muamala.

Synchronous nimeiacha FULL kwa makusudi. NORMAL katika WAL ni nyepesi na haiharibu faili umeme ukikatika, ila miamala ya mwisho kabisa inaweza kupotea. Mteja ameshaondoka na karatasi yake, nawe huna rekodi. Kwa risiti 900 kwa siku huo wepesi hauna faida yoyote.

Baada ya hayo kusimama ndipo ulikandamize faili. Usifute vipimo ghafi vya mwezi uliobaki kabla hujakaa na mhasibu mkalinganisha risiti zilizotiliwa shaka. Vipimo hivyo na saa zake ndio ushahidi pekee wa gunia lipi lilikuwa juu ya mizani dakika ipi. Mkimaliza, futa visivyo na risiti kwa mafungu ya 5,000 kwa muamala, ili mizani isisubiri. Tumia NOT EXISTS, si NOT IN: NULL moja tu kwenye orodha ya risiti inatosha kufanya NOT IN isifute kitu.

VACUUM ya kawaida inataka nafasi ya kufika mara mbili ya faili, na GB 3 zako zinatisha kwa hesabu hiyo ya GB 4.6. Kinachonakiliwa kwa kweli ni data iliyo hai tu, isiyozidi MB 800 kwako, mara moja kwenye faili la muda na mara nyingine kwenye WAL, kwa hiyo ingetosha. Hata hivyo nenda kwa VACUUM INTO: zima programu zote mbili kwa utaratibu, andika faili jipya, liendeshee PRAGMA integrity_check, hakikisha hakuna -wal wala -shm ya zamani pembeni, kisha badilisha majina na uweke journal_mode=WAL tena. La zamani lihifadhi nje kwa wiki kadhaa. Chagua siku za mbalamwezi; taa za wavuvi zikishindwa kuvuta dagaa, mzigo kutoka visiwani hupungua na hakuna atakayekusimamia kichwani. Auto_vacuum iache. Inahamisha kurasa kila unapofuta, na programu yako mpya itakuwa haifuti kitu cha maana.

Folda ya mtandao, hapana. WAL inategemea kumbukumbu ya pamoja kupitia faili la -shm, na kompyuta mbili haziwezi kuchangia kumbukumbu. Ukiondoa WAL bado unategemea kufuli za folda za mtandao, ambazo mara nyingi hazitimizi zinachoahidi. Mjengee mhasibu ukurasa mdogo wa wavuti unaotoka kwenye kompyuta ya mizani yenyewe, aufungue kwa kivinjari chumba cha pili. Kwa Flask, maktaba ya Python ya kutengenezea kurasa za wavuti, ni kazi ya jioni moja au mbili. PostgreSQL ni nzuri, nayo inakuja na seva ya kulindwa, nywila, bakapu zake na mtu wa kuiamsha ikigoma. Siku ghala litakapokuwa na mizani mbili au tatu kwenye kompyuta tofauti, zote zikiandika mahali pamoja, hamia. Kwa mizani moja na mhasibu mmoja, bado.

Ila integrity_check ikijibu chochote tofauti na "ok", simama hapo hapo. Usiendeshe VACUUM, usifute -wal. Zima programu, nakili mafaili yote matatu kwa pamoja kwenye diski nyingine, na umwite mtu aliyewahi kuokoa hifadhidata aje akae mbele ya kompyuta hiyo, afanye kazi juu ya nakala. Amri ya .recover inaweza kurudisha mengi, lakini matokeo yake yanahitaji jicho la mtu na kitabu cha nakala za risiti mezani.